Kioo Kimoja Kikivunjika, Nyumba Nzima Iko Wazi

Dirisha lenye vioo sita likipoteza kioo kimoja, watu wa nyumbani hujifariji kwamba vitano vimesalia. Kipande cha boksi hukatwa, hubandikwa mahali palipo wazi, na shughuli huendelea. Mvua ya kwanza hulilowesha boksi, mvua ya pili huliangusha. Tangu usiku huo nyumba haina dirisha tena, ina tundu. Mbu hahitaji dirisha zima ili aingie, na mwizi huhitaji nafasi ya kupitisha mkono tu hadi kwenye komeo.

Makala haya yaeleza namna ya kutengeneza na kutunza madirisha ya vioo nyumbani, na mfano wetu umetoka Nchelenge, katika Mkoa wa Luapula, Zambia. Mji huo uko ukingoni mwa Ziwa Mweru, upande wa mashariki. Ng'ambo ya maji ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ambako Kiswahili husikika toka Kilwa hadi Pweto, mahali Mto Luvua unapotoka ziwani. Ziwa lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 5,000. Mahali hapo pana mambo matatu yanayofanya kioo cha dirisha kiwe jambo kubwa, nayo ni upepo wa ziwa, jua la mchana na malaria. Jamaa za askari walioko Kigoma, Kisumu, Mwanza au Kalemie watayatambua mara moja.

MALARIA NA TUNDU LA DIRISHA

Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazosumbuliwa mno na malaria. Watafiti waliofanya kazi huko katika miaka ya 2010 waligundua kwamba mbu mkubwa wa eneo hilo ni yule aitwaye Anopheles funestus. Mbu huyu hupenda kuingia ndani ya nyumba na kuwauma watu usiku wakiwa wamelala. Tena huzaliana katika maji ya kudumu yenye majani, kama vile mabwawa na vijito vinavyoingia ziwani, kwa hiyo hatoweki kiangazi. Mwenye kusema, "Nitaziba dirisha mvua zikianza," amekwisha kuchelewa.

Kwamba kuziba nyumba huzuia malaria si jambo jipya. Mwaka 1900 madaktari wawili kutoka Uingereza, Louis Sambon na George Low, walikwenda Ostia, karibu na Roma, mahali palipojulikana kwa homa. Walikaa huko msimu mzima wa malaria katika kibanda kilichozibwa kwa wavu wa waya, wakihakikisha wako ndani kila jua linapotua. Hawakuugua. Miaka mingi baadaye, jaribio lililofanyika Gambia na kutangazwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba nyumba zilizozibwa kwa wavu milangoni na madirishani, na upenyo wa chini ya paa ukafungwa, ziliingiwa na mbu pungufu kwa asilimia 59. Watoto wenye upungufu wa damu walikuwa asilimia 19 katika nyumba hizo, na asilimia 30 katika nyumba zisizozibwa.

Kwa hiyo mama anayebadili kioo cha chumba cha watoto anafanya kazi ya ulinzi, sawa na yule anayelinda mpaka. Hata hivyo kioo hakichukui nafasi ya chandarua. Vyote viwili vinatakiwa.

KWA NINI VIOO HUVUNJIKA

Lawama za kwanza huwaendea watoto na mpira wao. Mara nyingi watoto wameonewa. Ziko sababu nyingine tatu, na ni vema kuzijua kabla ya kununua kioo kipya, maana sababu isipoondolewa hata kioo kipya kitavunjika.

Ya kwanza ni upepo. Dirisha lililoachwa wazi bila kutiwa kishikizo hupigwa na upepo wa ziwa hadi likagonga ukuta. Kishikizo kilichokatika huonekana kitu kidogo, lakini ndicho kinachovunja vioo vingi.

Ya pili ni jua. Nyumba za Nchelenge na Kashikishi zilizoelekea ziwani zimeelekea magharibi, nazo hupigwa na jua kali toka adhuhuri hadi magharibi. Puti, yaani ule udongo laini unaoshikilia kioo, hukauka, hupasuka na kubanduka vipande vipande. Kioo kilichopoteza puti hucheza ndani ya fremu yake, na kila upepo ukivuma hutetemeka mpaka kinapasuka.

Ya tatu ni kutu, na hii ndiyo inayowashangaza wengi. Mtu huamka akakuta kioo kina ufa uliotokea pembeni, wala hakuna aliyekigusa. Hapana mkono wa mtu hapo. Chuma kinapopata kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa. Fremu iliyovimba hukibana kioo taratibu mpaka kinalia. Ukiona ufa umeanzia ukingoni, karibu na mahali penye madoa mekundu, itazame fremu kwanza.

KABLA YA FUNDI, ZIBA

Kioo kikivunjika usiku, au fedha za kioo kipya zikawa hazijapatikana, ziba siku hiyo hiyo. Boksi halifai, kwani hunywa maji. Tumia karatasi ya plastiki inayopitisha mwanga, uikunje mara mbili pembezoni, uibane kwa vipande vyembamba vya mbao. Kioo chenye ufa tu, kisichoanguka, kibandikwe utepe pande zote mbili. Utepe hautakipa nguvu, bali utavizuia vipande visimwangukie mtoto.

Chandarua kikuukuu kisichofaa tena kitandani chaweza kukatwa na kuwambwa dirishani. Ila chandarua kizima kisiguswe, wala hicho kikuukuu kisipelekwe ziwani kuvulia samaki. Matundu yake madogo hukomba hata samaki wachanga, na dawa iliyomo si kitu cha kutia majini.

Wanaokaa katika nyumba za serikali, kambini au katika kota za polisi, watoe taarifa kwa maandishi kwa mkuu anayehusika na majengo kabla ya kubadili chochote, na wabaki na nakala. Siku ya kukabidhi nyumba, nakala hiyo itasema.

VIFAA VINAVYOTAKIWA

Kwa kazi hii tafuta glavu nene au matambara mazito ya mikononi, viatu vilivyofunika miguu, miwani ya kukinga macho, nyundo ndogo, patasi kuukuu, brashi ya waya, msasa, koleo, kisu butu cha kupakia puti, rula na kalamu. Nunua puti, rangi ya kuzuia kutu na kioo. Kwa vioo vidogo vya madirisha ya kawaida unene wa milimita 3 watosha. Kwa kioo kikubwa chukua milimita 4.

Mwambie muuzaji kama fremu yako ni ya chuma au ya mbao. Puti ya kale ya mafuta ya kitani na unga wa chaki hukauka vizuri kwenye mbao, kwa sababu mbao hunywa sehemu ya mafuta. Kwenye chuma hubaki laini muda mrefu, kwa hiyo chuma kina puti yake. Siku hizi wengi hutumia silikoni. Ile inayonuka kama siki haifai kwenye chuma, maana ukali wake huleta kutu.

KAZI YENYEWE

Kwanza, waondoe watoto na kuku. Tandaza magazeti makuukuu ndani na nje chini ya dirisha. Vaa glavu, vitoe vipande vya kioo kimoja kimoja ukianzia juu, usije ukaangukiwa mikononi. Kipande kinachokataa kisivutwe kwa nguvu. Legeza puti yake kwanza.

Pili, bandua puti yote ya zamani kwa patasi na nyundo, kwa kugonga taratibu. Katika fremu za chuma utakuta vipini vidogo vya waya vilivyoingizwa katika matundu ya fremu ili kukishika kioo. Vitoe kwa koleo uviweke, utavirudisha. Katika fremu za mbao utakuta misumari midogo isiyo na vichwa.

Tatu, safisha kikao cha kioo, yaani ile pembe ya fremu ambamo kioo hukaa. Sugua kutu yote kwa brashi ya waya, kisha kwa msasa, mpaka chuma king'ae. Paka rangi ya kuzuia kutu, uiache ikauke vema. Fremu ya mbao nayo ipakwe rangi ya kwanza, la sivyo mbao kavu itanywa mafuta ya puti na puti itapasuka. Hatua hii ndiyo inayorukwa na mafundi wenye haraka, nayo ndiyo inayoamua kama kioo kitadumu miaka au miezi.

Nne, pima. Pima upana juu, katikati na chini, uchukue kipimo kidogo kuliko vyote, na urefu nao pima vivyo hivyo. Pima pia kutoka pembe hadi pembe kwa mshazari. Mishazari miwili isipolingana, fremu imepinda, na inafaa kukata kiolezo cha karatasi ngumu umpelekee muuzaji. Kisha punguza milimita 3 katika kila kipimo. Kikao chenye milimita 400 kwa 300 kinataka kioo cha 397 kwa 297. Kioo kilichobana hakina nafasi ya kutanuka kwa joto, kitapasuka.

Anayekata mwenyewe akilaze kioo juu ya meza iliyotandikwa blanketi. Achovye kikata kioo katika mafuta ya taa, aweke rula, avute mstari mmoja toka ukingo hadi ukingo bila kusimama wala kurudia. Kisha aweke kijiti cha kiberiti chini ya mwanzo wa mstari, abonyeze pande zote mbili kwa pamoja. Kioo kitaachana.

Tano, kanda puti mikononi mpaka ilainike kama unga wa chapati. Ipake kikaoni kote, unene wa milimita 2 au 3. Weka kioo, ukianza na ukingo wa chini, kisha kibonyeze pembezoni. Usikibonyeze katikati kamwe, hapo ndipo wengi wanapokatwa mikono. Rudisha vipini vya waya, au pigilia misumari midogo huku nyundo ikiteleza juu ya kioo.

Sita, paka puti ya nje, uilainishe kwa kisu kilichoinamishwa ili ifanye mteremko. Maji ya mvua yapate kuteleza, yasituame. Puti ya nje isipite kimo cha fremu ya ndani, isije ikaonekana toka chumbani. Iache wiki moja au mbili ikauke juu, kisha ipake rangi, na rangi hiyo ipande juu ya kioo kwa milimita 2. Ukanda huo mwembamba ndio unaozuia maji yasipenye kati ya puti na kioo.

Vipande vya kioo kilichovunjika vifungwe katika gazeti, vizikwe shimoni mbali na njia. Visitupwe ufukweni. Wavuvi huvuta nyavu miguu mitupu, na akina mama huanika chisense mchangani.

MATUNZO YA KILA MWAKA

Kazi hii ina msimu wake. Katika maji ya Mweru na Luapula upande wa Zambia, uvuvi hufungwa kwa kawaida toka Desemba mosi hadi mwisho wa Februari, ili samaki wazaliane. Miezi hiyo fedha ni haba, nayo ndiyo miezi ya mvua kubwa. Basi madirisha yakaguliwe Agosti na Septemba, wakati samaki wanauzwa na puti inapata siku kavu za kukauka. Kila mwenye mshahara naye anao msimu wake wa karo na wa sare za shule, kwa hiyo apange kioo kabla ya hapo.

Ukaguzi wenyewe ni wa nusu saa. Gonga kila kioo kwa ukucha. Kikitoa sauti ya kutikisika, puti imelegea. Tazama kutu katika pembe za chini za fremu, maana maji hukaa huko. Tia tone la mafuta bawabani. Jaribu kila kishikizo na kila komeo. Vioo huoshwa kwa maji yenye siki kidogo, kisha hukaushwa kwa karatasi ya gazeti, navyo hung'aa bila kuacha manyoya ya kitambaa.

Mwenye madirisha ya vioo vya kulala, vile vinavyofunguka kama magamba ya samaki, akumbuke kwamba hata vikifungwa huacha nafasi, na kioo kimoja huchomolewa kwa urahisi toka nje. Hayo yanataka wavu wa waya ndani pamoja na nondo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika nyumba iliyo karibu na maji, asiyeziba ufa hulipa hospitalini kabla hajafika kwenye ukuta. Jumamosi hii, kabla jua halijachwa, zungukeni nyumba baba na mama pamoja na watoto wakubwa, mhesabu vioo vilivyolegea. Anzeni na dirisha la chumba wanamolala wadogo.