Kichanga ana manjano: Je, jua la asubuhi linatosha?

Saa moja na nusu asubuhi. Mkeka umetandikwa nje, mama kanyoosha miguu, kichanga yuko mapajani anaota jua. Ukiuliza unaambiwa: "Macho yake yana unjano, tumeambiwa tumtoe juani." Kama umekulia Tanzania au Kenya umeshaiona picha hii, na huenda hata wewe ulianikwa hivyo hivyo.

Ushauri huo una ukweli, ila ni ukweli nusu. Nusu iliyobaki ndiyo inayoamua kama mtoto atapona au ataharibika ubongo.

Unjano unatoka wapi?

Seli nyekundu za damu zikichakaa, mwili huzivunja, na hapo hutokea kemikali ya njano iitwayo bilirubini. Kazi ya kuiondoa ni ya ini. Sasa ini la mtoto wa siku mbili tatu bado halijashika kasi, na seli za kuvunjwa ni nyingi. Bilirubini inajaa kwenye damu, macho na ngozi vinageuka njano.

Ni jambo la kawaida sana: hutokea kwa takribani watoto 6 kati ya 10 waliotimiza miezi yao, na 8 kati ya 10 wa njiti. Wengi hupona wenyewe kwa kunyonya vizuri tu. (Usichanganye na homa ya manjano, ile ya virusi vinavyoenezwa na mbu. Majina yanafanana, magonjwa hayahusiani kabisa.)

Lakini kwa wachache bilirubini hupanda mpaka ikaingia kwenye ubongo. Madhara yake ni uziwi, mtindio wa ubongo, hata kifo, na ubongo ukishaharibika hakuna dawa ya kuurudisha.

Nesi aliyependa jua

Tiba ya mwanga ilianzia kwenye hospitali ya Rochford, Essex, nchini Uingereza. Mwaka 1956 nesi mkuu wa wodi ya njiti, Sista Ward, alikuwa na kawaida ya kuwatoa watoto nje siku za joto. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto aliyekuwa amepauka mwili mzima, isipokuwa pembe moja ya ngozi iliyobaki njano kweli kweli. Wakadhani amepakwa dawa. Hapana: pembe ile ilikuwa imefunikwa na shuka, kwingine kote jua lilikuwa limefika.

Baadaye chupa ya damu ya mtoto mwenye manjano ikasahaulika dirishani, juani. Ilipopimwa, bilirubini ilikuwa imeshuka. Daktari Richard Cremer na wenzake wakaanza majaribio na kubaini kwamba kinachofanya kazi hasa ni mwanga wa bluu. Wakatengeneza kitanda chenye taa za bluu, na mwaka 1958 wakachapisha matokeo kwenye jarida la The Lancet.

Mwanga ule hubadilisha umbo la bilirubini iliyo kwenye ngozi, ikawa inayeyuka kwenye maji. Hapo hutoka kwa choo na mkojo bila kulisubiri ini.

Basi kwa nini jua lisitoshe?

Kwa sababu ule mwanga wa bluu haufiki wa kutosha. Hospitalini mtoto hulazwa chini ya taa akiwa na nepi tu, macho yamefunikwa, kwa saa nyingi mfululizo, akitolewa kunyonya na kupimwa. Nyumbani anakaa dakika 20, kavalishwa sweta, soksi na kofia. Ukimvua nguo na kumwacha juani saa nne, ataungua au ataishiwa maji. Na jua haliji na kipimo: hujui bilirubini inashuka au inapanda.

Taa ya kawaida ya sebuleni nayo haisaidii, hata ukinunua ya rangi ya bluu dukani.

Kuna mama wanaoogopa taa za hospitali wakidhani zitamuunguza mtoto. Zile si miale ya kuunguza kama ya jua. Mtoto anaweza kupata choo laini cha kijani, na hiyo ni bilirubini inatoka.

Cha kufurahisha, jua lenyewe halijatupwa. Jijini Lagos, Nigeria, ambako umeme hukatika na mashine hazitoshi, watafiti waliweka vibanda vyenye karatasi maalumu ya plastiki inayozuia miale ya kuunguza na joto lakini inapitisha mwanga wa bluu. Matokeo kwa watoto zaidi ya 400 yalitoka mwaka 2015: vibanda vilifanya kazi vizuri kama taa za kawaida. Ila angalia, watoto walikaa humo kwa saa kadhaa, wakipimwa joto na damu muda wote. Si sawa na kumwanika barazani.

Mwangalie hivi

Kwa ngozi yetu nyeusi unjano hujificha. Mpeleke mtoto kwenye mwanga wa mchana, tazama weupe wa macho, fizi, viganja na nyayo.

Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo kama unjano umeanza ndani ya saa 24 za kwanza, kama umefika viganjani au kwenye nyayo, kama hataki kunyonya, ana usingizi mzito, amelegea au analia kwa sauti kali isiyo ya kawaida. Unjano uliopita wiki mbili, au choo cheupe kama chaki, nao unahitaji daktari, kwani huenda tatizo liko kwenye ini au mirija ya nyongo.

Jambo moja zaidi, ambalo wengi hatulijui: zile gololi nyeupe zenye harufu kali za kufukuzia wadudu kabatini, usiziweke kwenye nguo za mtoto. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, hali inayopatikana sana maeneo ya malaria kama kwetu, wakivuta harufu yake damu yao huvunjika kwa kasi na manjano hupanda ghafla. Nguo zilizokaa na gololi hizo zifuliwe na kuanikwa kabla hajavalishwa.