Leza ya Manjano na Macho ya Wagonjwa wa Kisukari

Kisukari kisipodhibitiwa huharibu mishipa midogo ya damu iliyo kwenye retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga. Mishipa hiyo huanza kuvuja, na mgonjwa asipotibiwa anaweza kupofuka. Leza ni mojawapo ya tiba zinazotumika kuzuia madhara hayo yasiendelee.

Rangi ya leza ina umuhimu wake. Mwanga wa manjano hufyonzwa sana na damu, lakini haufyonzwi sana na rangi asilia iliyo katikati ya retina, sehemu tunayotegemea kusoma na kutambua nyuso. Kwa hivyo humsaidia daktari kulenga mishipa iliyoharibika.

Mwanga huo si rahisi kuupata. Leza ya fuwele iliyo maarufu, Nd:YAG, hutoa mwanga wa nanomita 1064, ambao jicho haliwezi kuuona. Urefu wa wimbi lake ukipunguzwa kwa nusu, hupatikana nanomita 532, ambayo ni rangi ya kijani.

Njia moja ya kupata manjano inatokana na ugunduzi wa mwaka 1928 wa mwanasayansi wa India, C. V. Raman, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1930. Alionyesha kuwa mwanga unapokutana na molekuli, sehemu ndogo yake huacha nishati kidogo na kutoka ikiwa na rangi nyingine. Katika leza za Raman, mwanga wa nanomita 1064 hupitishwa kwenye fuwele inayochukua kiasi cha nishati kwa mtetemo wake. Kwa aina fulani za fuwele, wimbi hurefuka hadi takriban nanomita 1176. Likipunguzwa kwa nusu huwa 588, yaani manjano.

Pamoja na hayo, kazi kubwa ya leza ni kulinda uwezo wa kuona uliobaki; mara nyingi hairudishi uliokwisha kupotea. Tena ugonjwa huu hauonyeshi dalili mwanzoni. Mwenye kisukari anashauriwa:

• Kupimwa macho angalau mara moja kwa mwaka, hata kama anaona vizuri.
• Kudhibiti sukari na shinikizo la damu.
• Kufika hospitalini mara moja akiona ukungu wa ghafla au madoa meusi yanayoelea.