Kupiga Luku, Kujifunga na Kujitanda: Kila Nguo na Neno Lake

Wasikilize vijana wa Kakuyuni siku ya Idi wakisifiana. Huyu kapiga luku, yule kaulamba, mwingine kapiga pamba. Wenzao wa Nairobi watasema amedamshi, na jirani zetu wa Tanzania watasema ametinga au ametupia suti. Maana ni moja: mtu amevaa akapendeza.

Wako wazee wanaoyaona maneno haya kuwa uhuni. Mimi sioni hivyo. "Luku" limetoka kwa Kiingereza, kama yalivyotoka shati, suti, soksi na tai. Suruali tumeipata kwa Waarabu, leso kwa Wareno. Lugha yetu haijawahi kumfungia mgeni mlango.

Ila maneno ya mtaani yanakwambia jambo moja tu, kwamba mtu amependeza machoni. Hayakwambii nguo imekaaje mwilini. Kiswahili chetu cha Pwani kinakwambia. Kanzu, buibui, viatu, hata miwani, huvaliwa. Kikoi na msuli hufungwa. Kilemba hupigwa. Shati huchomekewa ndani ya suruali. Mtandio hutandwa, na jina lake limetokana na kitendo hicho. Kwa ndugu zetu Wagiriama, hando hufungwa kiunoni.

Leso ndiyo yenye mambo zaidi. Huuzwa kwa doti, yaani mbili pamoja. Moja mama hujifunga, ya pili hujitanda kichwani na mabegani. Akiwa na kazi nzito, ataikunja ile ya pili aikaze kiunoni: hapo amejifunga kibwebwe. Ukisema tu "amevaa leso", umeacha yote hayo nje.

Hata wakati wa kutoa ni vivyo hivyo. Kanzu huvuliwa, kikoi hufunguliwa.

Kuna hasara gani mtoto asipoyajua haya? Kubwa. Misemo yetu mingi imesimama juu ya mavazi. Mwalimu akimwambia ajifunge kibwebwe mtihani umekaribia, ataelewaje ikiwa hajawahi kuona wala kuelezwa kibwebwe ni nini? Akisikia mwanasiasa kavikwa kilemba cha ukoka, atadhani ametuzwa, kumbe amesifiwa uongo. Akiambiwa fulani amevuliwa nguo mbele ya watu, atatafuta nguo, na kilichovuliwa ni heshima.

Basi tusiwakemee vijana. Barazani na kwenye simu, wapige luku zao. Kwenye insha, kwenye posa na mbele ya wazee, wawe na maneno mengine ya kutumia. Na maneno hayo hayafundishwi kwa kamusi peke yake. Siku binti anapovishwa kwa ajili ya harusi, mama amwambie: hii jifunge, hii jitande. Baba naye amwonyeshe kijana kikoi kinavyokazwa kisidondoke. Neno litakaa, kwa sababu mkono umelifanya.