Fahamu: Kiungo kimoja kinavyoweza kufichua jalada zima la wakili

Gmail ya kawaida haitumi kiambatisho kinachozidi MB 25. Jalada la mgogoro wa ardhi, lenye hati zilizoskaniwa, ramani na video, hupita kiwango hicho kwa mbali. Ndiyo maana ofisi za mawakili hupakia mafaili kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha hutumiana kiungo tu.

Kiungo hicho ndicho cha kuchunga. Huko Virginia, Marekani, kampuni ya bima ya Harleysville ilikuwa ikipinga madai ya nyumba ya mazishi iliyoungua. Mpelelezi aliweka video kwenye folda isiyo na nywila katika hifadhi ya mtandaoni ya Box, akatuma kiungo. Baadaye jalada zima la madai likawekwa kwenye folda ileile, ili mawakili wa kampuni walisome. Kiungo cha zamani kikawafikia mawakili wa upande wa pili. Wakafungua, wakapakua, wakanyamaza. Februari 2017 mahakama ilisema kampuni imejipotezea haki ya usiri. Oktoba jaji akautengua uamuzi huo, ila siri ilikwishasomwa.

Kwa hiyo kila kesi iwe na folda yake, na kila mpokeaji aingie kwa anwani yake, si “yeyote mwenye kiungo”. Kiungo kiwekewe tarehe ya kuisha. Nywila itajwe kwa simu. Kuiandika kwenye barua pepe ileile ni kazi bure.

Na seva ya hifadhi hiyo ikiwa ughaibuni? Sheria ya Kenya ya 2019 na ya Tanzania ya 2022 za kulinda taarifa binafsi zote zinaweka masharti ya kuzisafirisha nje ya nchi.