Majani ya Akiba

Katika Ujerumani na Polandi, majani hayaoti wakati wa baridi, na ng'ombe hawana budi kulishwa akiba. Wengine hulishwa rai, nafaka ya jamii ya ngano, ipandwayo kabla ya baridi na kukatwa ingali mbichi. Hunyaushwa kidogo, hukatwakatwa, hushindiliwa shimoni mpaka hewa itoke, kisha hufunikwa. Humo bakteria huigeuza sukari ya majani kuwa asidi ya maziwa, ileile iyatiayo maziwa ya mgando ukali. Uchachu huo ndio uzuiao kuoza.

Lakini rai mbichi ina maji mengi, wala bakteria hao wema hawatoshi kila mara. Wakichelewa, hutangulia wengine waletao uvundo. Mkulima hufungua shimo akakuta chakula cha miezi kimeharibika, na theluji iko nje. Kwa hiyo wakulima wengi huyanyunyizia majani bakteria waliokuzwa kiwandani, yapata 100,000 kwa kila gramu. Wakiwa wengi tangu mwanzo, uchachu huja upesi, nao wabaya hushindwa. Hata hivyo, kifuniko kikitoboka, hewa huingia na ukungu huota, na bakteria wa kununuliwa hawaokoi kitu.