Seva ya Mazungumzo Isiyotegemea Mkongo wa Baharini: Usakinishaji na Usanidi wa IRC katika Mazingira ya Same na Milima ya Upare

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna ya kusakinisha na kusanidi seva ya kupitishia ujumbe wa maandishi, inayofuata itifaki ya IRC, katika kompyuta ya mtumiaji mwenyewe. Mazingira yanayozingatiwa ni ya wilaya ya Same, mkoani Kilimanjaro, hususan Milima ya Upare ya Kusini. Hoja inayojengwa ni kwamba seva ya aina hii huyaepusha mazungumzo ya karibu na hitilafu za mbali, lakini kwa asili yake hupitisha ujumbe bila kuuhifadhi. Kwa sababu hiyo, anayeisanidi katika eneo ambalo umeme na mawasiliano hukatika hana budi kuamua mapema nani aunganishwe, kwa masharti gani, na nini kihifadhiwe.

1.0 Utangulizi

Tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini inayohudumia pwani ya Afrika Mashariki, EASSy na Seacom, ilipata hitilafu katika kipande kilicho kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoathirika, na huduma za intaneti zilizorota kwa kiasi kikubwa. Tukio hilo lilidhihirisha jambo ambalo kwa kawaida halionekani. Watu wawili wanaoishi katika kata moja, wakiwasiliana kwa huduma ambayo seva zake ziko ng'ambo, hulazimika kuupeleka ujumbe wao baharini na kuurudisha, hata kama nyumba zao zinatazamana. Njia hiyo ikikatika, jirani hana namna ya kumwandikia jirani kwa huduma hiyo.

Swali linalojibiwa hapa ni hili: kinahitajika nini ili mazungumzo ya Same yabaki yakiendeshwa Same? Juhudi za jamii kujijengea mitandao yao zimekwisha kufanyika katika ukanda huu, kama ilivyo kwa mtandao wa kijamii wa Kondoa mkoani Dodoma na ule wa Tunapanda huko Kibera, Nairobi. Mtandao wa namna hiyo hutoa njia ya kupitisha data. Makala haya yanahusu huduma moja inayoweza kukaa juu ya njia hiyo.

2.0 Mazingira ya Same na athari zake kwa usanifu

Mji wa Same uko bondeni, katika upande mkavu wa milima, kando ya barabara kuu iendayo Moshi na Arusha. Juu yake yapo maeneo yenye mvua na misitu, yakifikia kilele cha Shengena chenye urefu wa zaidi ya mita 2,400 katika msitu wa Chome. Kwa mawasiliano ya redio, mlima huo una sura mbili. Mnara uliowekwa juu yake huona mbali. Lakini Makanya iliyo upande wa magharibi na Gonja iliyo upande wa mashariki zimetengwa na safu nzima ya milima, ambayo mawimbi ya Wi-Fi hayawezi kuipenya. Mtandao wowote unaoziunganisha pande hizo mbili lazima upitie kituo cha kati, na kituo hicho ndicho kitakachokatika kwanza.

Wapare wana utaratibu wa siku nyingi unaosaidia kulifafanua tatizo hili. Maji ya vijito vya milimani huelekezwa katika ndiva, yaani bwawa dogo la kuhifadhia maji ya kumwagilia. Ndiva hujazwa usiku, kisha mchana hufunguliwa na maji hushuka kwa mfereji kwenda shambani kwa zamu. Mfereji na ndiva vina kazi tofauti: mfereji hupitisha, ndiva hutunza. Shamba lililo mwisho wa mfereji usio na ndiva hupata maji pale tu yanapotiririka. Tofauti hiyo ndiyo ufunguo wa kuielewa IRC.

3.0 Namna IRC inavyofanya kazi

IRC iliundwa na Jarkko Oikarinen katika Chuo Kikuu cha Oulu, Ufini, mwezi Agosti 1988. Kanuni zake ziliandikwa rasmi Mei 1993 katika waraka wa RFC 1459. Muundo wake ni mwepesi. Mtumiaji huunganisha programu yake na seva, hujichagulia jina, kisha hujiunga na chaneli, ambayo jina lake huanza kwa alama ya #. Ujumbe anaouandika hupokewa na seva, nayo huupitisha papo hapo kwa kila aliyemo katika chaneli hiyo. Ujumbe mmoja hauzidi baiti 512 pamoja na vichwa vyake. Kwa kuwa herufi za Kiswahili huchukua baiti moja kila moja, nafasi hiyo hutosha aya fupi. Ujumbe 100 wa urefu kamili ni baiti 51,200 tu, kiasi ambacho hata kiungo dhaifu hukimudu.

Wepesi huo una gharama. Seva ya IRC ni mfereji, si ndiva. Aliyekuwa nje ya chaneli wakati ujumbe unapita hatauona atakaporejea, wala mtumaji hataarifiwa kuwa haukumfikia.

4.0 Usakinishaji na usanidi

4.1 Kompyuta na nishati

Seva ya watu mia moja haihitaji kompyuta kubwa. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi inatosha. Kifaa kinachotumia wati 5 huhitaji saa-wati 120 kwa siku. Betri ya volti 12 na saa-ampea 40 ina saa-wati 480 kwa hesabu ya kawaida. Ikiwa nusu yake tu ndiyo itatumika ili betri isiharibike, kifaa kitafanya kazi kwa takriban siku mbili bila umeme. Vifaa vya redio vya mtandao vina mahitaji yao na sharti viingizwe katika hesabu hiyo, kwani seva inayowaka nyuma ya kisambazaji kilichozimika haimfai mtu. Aidha, kompyuta ipewe anwani ya IP isiyobadilika ndani ya mtandao wa eneo. Katika mfano huu ni 192.168.10.2.

4.2 Programu na faili la usanidi

Miongoni mwa programu huria za seva ya IRC, ngIRCd inafaa kwa mtandao mdogo kwa kuwa mipangilio yake yote ya msingi hukaa katika faili moja. Katika mfumo wa Debian husakinishwa kwa amri apt install ngircd, itolewayo na msimamizi wa kompyuta. Ni vyema hatua hiyo ikamilishwe wakati intaneti ipo. Baada ya hapo seva haitaihitaji tena. Faili la usanidi ni /etc/ngircd/ngircd.conf, na sehemu zake za lazima zinaweza kuandikwa hivi:

[Global]
Name = seva.same.lan
Info = Seva ya mazungumzo ya Same
Listen = 192.168.10.2
Ports = 6667
Password = nywila-ya-kuingilia

[Limits]
MaxConnections = 100
MaxConnectionsIP = 0
PingTimeout = 120
PongTimeout = 60

[Options]
DNS = no
Ident = no
PAM = no

[Channel]
Name = #same
Topic = Habari za wilaya

Baadhi ya mistari hiyo inahitaji maelezo, kwa kuwa thamani za kawaida za programu zilichaguliwa kwa mazingira tofauti. Jina la seva lazima liwe na nukta angalau moja, na lisifanane na la seva nyingine katika mtandao huo. Mstari wa Listen huizuia seva kupokea miunganisho kupitia anwani nyingine za kompyuta hiyo. Mistari ya DNS na Ident imezimwa kwa sababu, ikiwashwa, seva hujaribu kutafuta jina la kila anayeingia; pasipo intaneti, utafutaji huo humchelewesha mtumiaji bila faida. PAM, ambayo ni mfumo wa kuthibitisha watumiaji wa kompyuta yenyewe, isipozimwa huifanya nywila ya pamoja iliyoandikwa katika sehemu ya Global isitumike.

Mstari wenye uzito zaidi kwa mazingira ya milimani ni MaxConnectionsIP. Thamani yake ya kawaida ni 5, yaani anwani moja ya IP hairuhusiwi kuwa na miunganisho zaidi ya mitano. Kikomo hicho hulinda seva dhidi ya mvamizi mmoja anayejifanya wengi. Hata hivyo, kijiji kinachounganishwa kwa kisambazaji kimoja mara nyingi huonekana na seva kama anwani moja. Mwanakijiji wa sita atakataliwa, na wote watadhani mtandao umeharibika. Thamani 0 huondoa kikomo. Msimamizi anayependa kubaki na kinga anaweza kuandika idadi inayolingana na watumiaji halisi wa kisambazaji hicho.

PingTimeout na PongTimeout huamua subira ya seva. Kwa thamani zilizo hapo juu, mtumiaji aliyenyamaza kwa sekunde 120 huulizwa kama yupo, kisha hupewa sekunde 60 za kujibu. Kiungo kikikatika, wenzake wanaweza kuendelea kuliona jina lake kwa takriban dakika 3. Kiungo kikirejea mapema, ujumbe wao utamfikia kwa kuchelewa, kisiporejea, utapotea. Kuongeza muda huwavumilia wenye kiungo dhaifu, ila hurefusha kipindi ambacho asiyekuwapo anahesabiwa kuwapo. Kwa chaneli ya taarifa za dharura, ni salama kuweka desturi kwamba ujumbe haujafika mpaka mpokeaji ajibu.

Kabla ya kuiwasha seva upya, faili hukaguliwa kwa amri ngircd --configtest, ambayo huonyesha makosa na thamani zote zitakazotumika. Kisha hutolewa amri systemctl restart ngircd. Jaribio la kwanza lifanywe kutoka kompyuta nyingine ndani ya mtandao huohuo, na jaribio la pili baada ya kuchomoa kiungo cha intaneti. Jaribio hilo la pili ndilo linalothibitisha kwamba lengo limefikiwa.

4.3 Kuunganisha seva mbili

Seva moja mjini Same huwaacha watu wa Gonja bila huduma kila kituo cha mlimani kinapozimika. Suluhisho linalotolewa na IRC ni kuwa na seva kila upande na kuziunganisha. Katika faili la Same huongezwa sehemu ya [Server] yenye jina la seva ya Gonja, anwani yake, namba ya mlango, pamoja na nywila mbili, MyPassword na PeerPassword. Katika faili la Gonja nywila hizo hubadilishana nafasi, na upande mmoja huandikiwa Passive = yes ili usubiri kupigiwa badala ya kupiga.

Seva za IRC huunganishwa kwa umbo la mti: kati ya seva mbili kuna njia moja tu. Njia hiyo ikikatika, mtandao hugawanyika, na kila upande huendelea na mazungumzo yake. Njia ikirejea, majina na chaneli huungana tena, lakini yaliyosemwa wakati wa utengano hayahamishwi. Tena, ikiwa watu wawili walijichagulia jina moja katika pande hizo, kanuni za 1993 zinaagiza wote wawili waondolewe. Njia rahisi ya kuzuia mgongano huo ni kuongeza kifupi cha mahali katika jina. Kwa kuwa urefu wa kawaida wa jina katika ngIRCd ni herufi 9, thamani ya MaxNickLength itabidi iongezwe, na ilingane katika seva zote.

5.0 Kuhifadhi au kutohifadhi

Anayetaka ndiva pamoja na mfereji ana njia mbili. Ya kwanza ni kuweka programu ya kati kama ZNC, ambayo hubaki imeunganishwa na seva kwa niaba ya mtumiaji na kumtunzia ujumbe hadi arejee. Ya pili ni kutumia seva kama Ergo, yenye uwezo wa kuhifadhi historia ya chaneli ndani yake. Njia zote mbili hupunguza upotevu, lakini huzalisha kumbukumbu ya maneno ya watu, na kumbukumbu hiyo huwa mikononi mwa mwenye kompyuta.

Hapo suala linakuwa la dhamana. Mlango 6667 hupitisha maandishi yasiyosimbwa, hivyo mwenye uwezo wa kunasa mawasiliano ya redio anaweza kuyasoma. Mlango 6697, unaosanidiwa katika sehemu ya [SSL] kwa kuwekewa cheti na ufunguo, huyaficha yakiwa njiani. Hata hivyo, seva yenyewe huyaona yote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, iliyotungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, inaweka wajibu kwa wanaokusanya na kuhifadhi taarifa za watu. Kundi linaloanzisha seva lingefanya vyema kuandika kabla ya siku ya kwanza: kipi kinahifadhiwa, kwa muda gani, na nani anashika nywila ya msimamizi.

6.0 Hitimisho

Usakinishaji wa seva ya IRC ni kazi ya muda mfupi, na faili lake la msingi halizidi mistari michache. Ugumu uko katika kuzirekebisha thamani chache kulingana na mahali: kikomo cha miunganisho kwa anwani moja, muda wa subira, utafutaji wa majina, na umbo la mti katika eneo lililogawanywa na mlima. Seva iliyosanidiwa hivyo itaendelea kupitisha ujumbe kati ya watu wa Same hata mkongo wa baharini ukikatika. Haitaurudisha ujumbe uliopita pasipo mpokeaji. Mfereji wa maji hauachwi bila wa kuusimamia na kugawa zamu; mfereji wa maneno nao unahitaji usimamizi wa namna hiyo, na makubaliano yake yanapaswa kutangulia amri ya kwanza ya usakinishaji.