Viashiria: Rangi Inasema Nini Hasa Kuhusu Asidi na Besi?

Watahiniwa wengi huingia chumba cha mtihani na sentensi moja waliyoikariri: litmasi ya buluu hugeuka nyekundu kwenye asidi, na nyekundu hugeuka buluu kwenye besi. Sentensi hiyo ni kweli, nayo itakupatia alama zake. Lakini ukipewa swali lenye viashiria vitatu, kila kimoja kikisema lake, haitakufikisha mbali. Tuanze na udongo.

Udongo wa mashamba ya chai ya Mufindi, mkoani Iringa, ni wa asidi. Mvua nyingi za nyanda za juu huosha kalsiamu na magnesiamu na kuzishusha chini, na nafasi yake huchukuliwa na ayoni za haidrojeni na alumini. Chai huipenda hali hiyo. Hustawi kwenye pH ya 4.5 hadi 5.5. Mahindi na maharage hayaipendi. Asidi ikizidi, alumini huyeyuka na kudhuru mizizi, na fosfati ya mbolea hushikwa na udongo mmea usiipate. Ndiyo maana mkulima wa Mbeya anaweza kununua mbolea kwa fedha nyingi na mahindi yakadumaa vilevile. Kabla ya kununua mfuko mwingine anahitaji kujua pH ya shamba lake, na njia rahisi ya kuijua ni kiashiria.

Kiashiria ni nini? Mara nyingi ni asidi dhaifu ambayo molekuli yake ina rangi moja, na ayoni yake ina rangi nyingine. Tukiita asidi hiyo HIn, basi:

HIn ⇌ H⁺ + In⁻

Ukiongeza asidi unaongeza H⁺, msawazo unasukumwa kushoto, na unaona rangi ya HIn. Ukiongeza besi, OH⁻ inakamata H⁺ na kuwa maji. Msawazo unakwenda kulia na rangi ya In⁻ inatawala. Jifunze kueleza mistari hii miwili kwa maneno yako mwenyewe, maana swali la “eleza kwa nini rangi hubadilika” haliwezi kujibiwa kwa kutaja rangi peke yake.

Sasa sehemu inayowaangusha wengi. Kila kiashiria hubadilika kwenye eneo lake, na si lazima eneo hilo liwe pH 7. Methili oranji ni nyekundu chini ya 3.1 na njano juu ya 4.4. Bromothimoli buluu ni njano chini ya 6.0 na buluu juu ya 7.6, katikati ni kijani. Fenolfthalini haina rangi chini ya 8.3 na huwa waridi iliyokolea ifikapo 10. Litmasi hubadilika taratibu, takriban kati ya 5 na 8, kwa hiyo haifai kwa titresheni.

Chukua udongo wa pH 5. Utikise kwenye mrija pamoja na maji yaliyokenekwa na unga kidogo wa bariamu salfeti, ambao husaidia chembe za mfinyanzi kutuama, kisha uache mpaka maji ya juu yawe meupe. Ukitia methili oranji utaona njano. Mtahiniwa wa kukariri ataandika “besi”, na atakosa. Njano hiyo inasema tu kwamba pH imevuka 4.4. Fenolfthalini haitaonyesha rangi, maana yake pH haijafika 8.3. Hadi hapo udongo unaweza kuwa asidi, wa kati, au hata besi kidogo. Bromothimoli buluu ikitoa njano, ndipo unajua pH iko chini ya 6.0. Jibu: kati ya 4.4 na 6.0, yaani asidi. Kiashiria kimoja hukupa mpaka mmoja. Mipaka miwili hukupa eneo.

Kumbuka pia kwamba kila hatua moja ya pH ni mara kumi. Udongo wa pH 5 una mkolezo wa H⁺ mara 100 kuliko wa pH 7.

Kwenye titresheni, kuchagua kiashiria kisichofaa huharibu hesabu yote. Ukiwa na sm³ 25 za sodiamu kaboneti ya molari 0.1 na asidi ya haidrokloriki ya molari 0.1, methili oranji itabadilika baada ya sm³ 50 za asidi, kaboneti yote ikiwa imekwisha. Fenolfthalini itapoteza rangi baada ya sm³ 25 tu, pale kaboneti inapokuwa haidrojeni kaboneti. Bureti haina kosa. Umesoma nusu ya safari. Kwa asidi dhaifu kama siki dhidi ya sodiamu haidroksaidi mambo ni kinyume: tumia fenolfthalini, kwa kuwa mmumunyo wa mwisho ni besi kidogo.

Kama maabara yenu haina viashiria, chemsha choya. Juisi yake ni nyekundu kwa sababu yenyewe ni asidi. Ongeza maji ya majivu ya kuni kidogo kidogo na itaelekea kijani. Ulanzi wa Iringa uliolala siku nyingi hautaibadilisha, kwani bakteria wameshageuza kilevi chake kuwa asidi ya ethanoiki. Na litmasi yenyewe hutokana na laikeni, zile zinazoshika magome na miamba. Laikeni za jamii hiyo zilisafirishwa kutoka pwani yetu kupitia Zanzibar katika karne ya 19, kwenda Ulaya kutengenezea rangi ya nguo.

Jaribu hili. Mkulima amepata chokaa ya mawe ya Songwe, karibu na Mbeya, akaitia shambani:

CaCO₃ + 2H⁺ → Ca²⁺ + H₂O + CO₂

Baada ya msimu mmoja, maji ya udongo wake yanatoa njano kwa methili oranji, kijani kwa bromothimoli buluu, na fenolfthalini haina rangi. Taja eneo la pH, kisha sema kama angefanya vema kupanda maharage au chai, na kwa nini.